Kongwa: shamba lililopimwa kwa trekta

Ekari 30,000 kwa shamba moja: hapo ndipo Kongwa, mradi wa karanga wa Waingereza huko Tanganyika, ilipokufa, kabla kisiki cha kwanza hakijang'olewa. Wenzangu hupenda kuchambua vile vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, au kumsulubu John Strachey, waziri wa chakula wa Uingereza. Sawa, wachekeni. Lakini hata matrekta yangekuwa mapya yote, karanga zisingetoka.

Turudie uamuzi wenyewe. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka wiki tisa, maeneo mengi ukiyatazama kwa ndege, kisha ukapendekeza ekari zaidi ya milioni 3 zikatwe vipande vya ekari elfu thelathini. Hiyo ni hesabu ya mpanga mashine. Mkulima wa Kigogo, mwenye mtama na uwele wake, asingeifikiria. Shamba la majaribio halikutangulia. Lengo la 1947 likawa ekari 150,000, zikapandwa kama 7,500.

Na karanga ina masharti. Ua likishachavushwa huteremsha kijiti ardhini, na punje hukomaa humohumo. Udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi mwingi, ukikauka huwa saruji. Kijiti kitapenya wapi? Kilichobahatika kupenya, nani atakichimbua? Ekari 10 na misimu miwili zingetoa jibu. Ukikosea kwenye ekari 10, unahamia bonde la pili. Ukikosea kwenye elfu thelathini, pori limeshafyekwa, udongo uko uchi mbele ya upepo, na mkubwa wako London anadai mafuta ya kula. Januari 1951 mradi ulifutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea.

Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mradi huo, waliijenga vizuri, nakubali.

Lakini kwenye kilimo, mafundi wangu mimi ni Wamatengo wa Mbinga, na sichoki kuwataja. Ngoro zao, mashamba yao ya mashimo, ziko kwenye miteremko ambayo trekta lingebiringika: nyasi hupangwa miraba, hufukiwa kwa udongo, mashimo ya katikati yanashika maji, nyasi zinaoza kuwa mbolea. Zaidi ya miaka 100 mlima haujahamia mtoni.

Na si Wamatengo peke yao: mchumi Amartya Sen aliandika mwaka 1962, akitazama takwimu za India, kwamba mashamba madogo huzaa zaidi kwa ekari. Kila bajeti ya kilimo inapokaribia, bado nasikia wito wa kuunganisha mashamba "ili tija ipande". Tija ya nini, ya ekari au ya dereva wa trekta? Wangeniuliza kuhusu jasho ningenyamaza kidogo, maana kwenye ngoro kazi ya kufukia nyasi huangukia wanawake, kwa jembe la mkono. Hilo ndilo la kutafutia mashine, mashine ndogo.