Kilimia Hakihitaji Tafsiri

Tovuti ya nyota ni maandishi kama maandishi mengine: ina msimulizi, ina msamiati, na ina msomaji anayefikiriwa. Nasema hivi kwa sababu kwa muda sasa najenga ya kwangu, ndogo tu, ya kujifurahisha, imsaidie mtu wa Lukuledi kujua anachokiona akitoka nje usiku. Kabla ya kuandika nimesoma za wenzangu. Kazi kubwa nimeikuta Wikipedia ya Kiswahili, ambako watu wa kujitolea wamejaza kurasa za nyota na sayari. Heshima yao.

Kizuri zaidi, wamerudi kwenye majina ya pwani: Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Suheli. Ndiyo maana inauma kukuta kwingine Zohali imegeuzwa Sarateni, neno ambalo asili yake ya Kiarabu ni kaa, tena ni jina la buruji. Mtoto anasoma jina hili hapa, lile pale. Amwamini nani?

Lakini ugomvi ninao pia. Nyota nyekundu ya kundi la Jabari imeitwa Ibuti la Jauza. Linapendeza sikioni. Ila ibuti ni kwapa kwa Kiarabu, na msomaji wa Masasi hasikii kwapa hapo, anasikia buti! Jina limehifadhiwa, picha imepotea.

Picha zenyewe nazo zina mwenyewe. Michoro mingi ya Jabari inamwonyesha amesimama wima, kwa sababu mchoraji alikaa kaskazini ya mbali. Hebu simama Lukuledi mwezi Januari, saa tatu usiku, utazame kaskazini: Jabari yuko karibu na utosi, miguu juu kichwa chini. Na Nyota ya Kaskazini inayosifiwa kwa kuwaongoza wasafiri, huku haichomozi kabisa. Mtoto akikuta mbingu haifanani na ukurasa, hatasema ukurasa umekosea. Atasema yeye hajui. Hilo ndilo linalonikera.

Mkumbuke kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Septemba 2016. Habari karibu zote zilikuwa za Rujewa, Mbeya. Sawa, kule watu walikusanyika. Ila kilele chenyewe, pete ya dakika 3 na sekunde 6, kilikuwa huku kusini, kati ya Tunduru na Masasi. Tulikuwa katikati ya tukio, tukasimuliwa kama watu wa pembeni.

Basi mwandishi wa nyota aanzie wapi? Mimi naanzia Kilimia. Jina limetoka kwenye kulima, na wazee wameshamaliza somo: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ni methali, na ni unajimu kamili: mwezi Mei kundi hilo linapotea kwenye mwanga wa jua, Juni linarudi alfajiri, na mkulima anajua msimu umegeuka. Mwandishi wa tovuti anatakiwa kuongeza sababu tu: dunia inalizunguka jua, ndiyo maana jua linaonekana kupita mbele ya nyota hizo.

Ukurasa wa namna hiyo msomaji anaweza kutoka nao nje, akainua macho, na kuukagua mwenyewe.