Ngazi ya Louis Leakey na Pango la Kuumbi

Mwalimu mmoja mstaafu wa historia, mkazi wa Mpendae mjini Unguja, alitukaribisha barazani kwake baada ya sala ya alasiri, akatuuliza swali ambalo halijatutoka moyoni tangu siku hiyo. Kwa miaka mingi aliwafundisha vijana kwamba jamii hupanda kwa hatua: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari. "Haya, wachungaji wangu," akasema, "pango la Kuumbi nalo niliweke katika hatua ipi?"

Swali hilo tunalitumia hapa kuipima kazi ya mtu ambaye jina lake linajulikana na kila mwanafunzi wa Tanzania, ingawa vitabu vyake husomwa na wachache: Louis Leakey. Alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, mwana wa wamisionari wa Kianglikana. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa na sehemu kubwa katika kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Louis naye alikusudia kuwa mmisionari, kabla ya mawe ya kale kumvuta. Alifika Olduvai kwa mara ya kwanza mwaka 1931, na mwaka 1951 akatoa ripoti ambayo jina lake lenyewe linataja mageuzi ya utamaduni wa shoka la mkono. Ndani yake alizipanga zana za mawe katika hatua 11, kuanzia zile zilizochongwa kwa mapigo machache hadi zile zenye makali yaliyonyooka na pande zinazolingana.

Hapana budi kukiri ukubwa wa kazi hiyo. Wakati wasomi wengi walikuwa bado wakielekeza macho Asia na Ulaya kutafuta chimbuko la mwanadamu, Leakey alisisitiza kwamba litafutwe Afrika ya Mashariki, na wakati ukamthibitisha. Lakini tukiisoma ripoti ile leo tunaona kwamba ameyachukulia mageuzi kuwa ni ngazi. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alichora mti wenye matawi, hakuchora ngazi. Ngazi ya utamaduni ilijengwa na wengine: Edward Tylor mwaka 1871, aliyeiweka imani ya roho za vitu chini kabisa na imani ya Mungu mmoja juu, na Lewis Henry Morgan mwaka 1877, aliyegawa historia yote ya wanadamu katika ushenzi, ushenzi uliopungua na ustaarabu. Morgan alisomwa na Engels, na kwa njia hiyo sehemu ya ngazi yake, ule ujima, ilifika hadi kwenye ubao wa mwalimu wetu wa Mpendae.

Hatari ya njia hiyo ni rahisi kuieleza. Mtafiti akikwisha amini kwamba ustadi huongezeka daima, jiwe lililochongwa vibaya huwa la kale kwa sababu limechongwa vibaya, na lililochongwa vizuri huwa la baadaye. Kisha mpangilio huo huo huletwa kuwa ushahidi wa imani iliyoupanga. Sisi tuliozoea kufafanua Maandiko tunaujua ugonjwa huu vizuri, kwa kuwa nasi tumewahi kuupata.

Aliyeivunja ngazi ni mke wake, Mary Leakey, tena kwa kuchimba bonde lile lile. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 alionyesha kwamba katika tabaka la pili la Olduvai zana za mtindo wa kale na mashoka ya mkono yalikuwapo katika zama moja, wala mtindo mmoja haukuusubiri mwingine ufe. Mary alidhani huenda ni watu wa aina mbili. Wengine baadaye wakaieleza tofauti hiyo kwa aina ya mawe yaliyopatikana na kazi zilizofanywa. Vyovyote iwavyo, hatua 11 hazikuweza kusimama kama zilivyokuwa. Louis alifariki mwaka uliofuata, 1972. Kwa haki yake tuseme pia kwamba alikuwa mtu wa kubadili mawazo: fuvu lililogunduliwa na Mary tarehe 17 Julai 1959 kwanza alilitaja kuwa la mtengeneza zana, akaliita Zinjanthropus kwa jina la kale la pwani yetu, lile lile lililomo katika neno Zanzibar; miaka mitano baadaye yeye na wenzake wakampa heshima hiyo kiumbe mwingine, Homo habilis.

Sasa turudi Unguja. Pango la Kuumbi liko karibu na Jambiani, kusini-mashariki mwa kisiwa. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilichimba, na watafiti waliomfuata wakalichimba tena. Madai yake kwamba palikuwa na mifugo tangu zama za kale sana hayakuthibitishwa na uchimbaji huo wa pili. Lakini yaliyobaki yanatosha kustaajabisha. Watu walikaa pangoni yapata miaka 20,000 iliyopita, bahari ilipokuwa chini na Unguja ikiwa sehemu ya bara, wakawinda hata pundamilia. Kisha bahari ikapanda, pundamilia wakatoweka, na pango likaachwa kwa maelfu ya miaka. Watu walirudi katika milenia ya kwanza baada ya Kristo, wakiwa na vyungu, nao wakaishi kwa kuwinda paa na kima. Katika milenia hiyo hiyo, upande wa magharibi wa kusini mwa kisiwa, Unguja Ukuu ilikuwa mji wa bandari uliopokea vyombo kutoka Ghuba na hata Uchina.

Wawindaji na wafanyabiashara, kisiwa kimoja. Ni nani kati yao aliye chini? Hapa nadharia ya mageuzi ikisomwa vizuri hukataa swali lenyewe. Wanaakiolojia wa leo wanaoitumia, mfano Stephen Shennan wa London, huuliza jambo jingine: maarifa yalitoka kwa nani, yakaenda kwa nani, na yalibadilikaje njiani? Swali hilo kwetu si geni. Kiswahili kina neno "mapokeo", na Paulo katika sura ya 15 ya Wakorintho wa Kwanza anajitaja kuwa mtu aliyepokea na kukabidhi.

Kwa hiyo lawama yetu kubwa haimwendei Leakey. Inatuelekea sisi ambao bado tunahubiri tukiwa juu ya ngazi ya Tylor, tukizitaja ibada za babu zetu kama kipandio cha chini kilichokwisha kukanyagwa. John Mbiti aliikataa ngazi hiyo waziwazi mwaka 1969, na kitabu chake kimo katika maktaba zetu. Tunakitaja katika mitihani, kisha Jumapili tunakisahau.

Mwalimu wa Mpendae hufundisha watoto wa jirani jioni. Ametuambia kwamba siku hizi haandiki tena hatua zake kutoka chini kwenda juu. Anachora ramani ya Unguja, anatia nukta mbili, moja Kuumbi na moja Unguja Ukuu, halafu anawauliza watoto: hawa walipokutana njiani, waliongea nini?