Pazia la Mgawa Karata

Mjomba alinifundisha karata barazani, Mombasa, kabla sijajua kusoma saa. Somo la kwanza halikuhusu turufu wala kuhesabu pointi. Lilikuwa somo la kushika. Kila nilipozilegeza karata zangu alinigonga vidole kwa mswaki aliokuwa akiutafuna, akasema: “Kifuani! Hizo si picha za harusi.” Wareno walituachia neno gereza, wakatuachia na karata, turufu, kopa na shupaza. Hilo la kwanza tungeweza kuishi bila yake.

Miaka mingi baadaye niliketi kwenye meza ya poka, katika kasino moja jijini Nairobi. Marehemu mjomba asingefurahi: barazani hatukuwekeana hata senti, na kamari kwake ilikuwa haramu tupu. Sitamtetea mtu hapa, hata nafsi yangu. Nilikwenda mara ya kwanza kwa udadisi, ila kilichonirudisha ni mikono ya dada mmoja aliyekuwa akigawa.

Ningependa uione ile mikono. Kwanza alizimwaga karata zote 52 kifudifudi juu ya kitambaa cha meza, akazikoroga kwa viganja viwili kama mtu aoshaye mchele. Akazikusanya, akazichanga mara mbili, akazikata mafungu mafungu na kuyapanga upya, akazichanga tena, kisha akakata. Muda wote huo hazikubanduka mezani, na pembe zake ziliinuka kiasi tu cha kupitana. Chini ya furushi aliweka kipande cha plastiki kitupu, ili karata ya mwisho isichungulie. Halafu akaanza kurusha. Furushi limelala kwenye kiganja cha kushoto, limeinamishwa kidogo mbele, kidole cha shahada kimeziba ukingo wake. Dole gumba linaisukuma karata ya juu, mkono wa kulia unaidaka kwa ncha za vidole viwili, kifundo kinacheza, na karata inaondoka ikizunguka, bapa, imeshikana na kitambaa, mpaka inasimama mbele ya mwenyewe. Haipai. Nimeona wagawaji ambao karata zao hupaa kama vipepeo, na aliyekaa karibu, akiwa mfupi au ameegemea meza, anasoma uso wa kila moja ikipita.

Na kuona karata moja si jambo dogo. Katika Texas Hold'em, poka tuliyokuwa tukicheza, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano huwekwa wazi katikati kwa ajili ya wote. Nikishika mbili zangu, zinabaki 50 nisizozijua, na mpinzani wangu anaweza kuwa na mchanganyiko wowote kati ya 1,225. Nikiiona moja ya zake, inabaki michanganyiko 49. Ni kama nilikuwa nikimtafuta mtu katika soko la Kongowea, sasa nimeonyeshwa kibanda chake.

Waswahili tulikwisha kusema kwamba macho hayana pazia. Mara nyingi msemo huo hutumiwa na aliyefumaniwa akitazama asichopaswa, kwa hiyo nauamini nusu. Lugha yetu inatofautisha vizuri kuona na kuchungulia: kuona humjia mtu alipoketi, kuchungulia mtu hukuinukia. Anayerefusha shingo, au anayechagua kiti kwa sababu jirani yake ni mzembe, huyo ni mwizi na hatuhitaji kikao. Tabu ni yule asiyefanya kitu. Amekaa tu, na karata ya mwenzake imemjia.

Sheria zimejaribu. Mgawaji akifunua karata ya kwanza au ya pili kabisa, kwa kawaida mgao mzima hurudiwa. Akifunua moja ya baadaye, mwenyewe hapewi: hubadilishiwa, na ile iliyofunuka hutupwa kando. Mezani pia hukaririwa kwamba kila mtu ni mlinzi wa karata zake, ndiyo maana wengine huziwekea juu sarafu au jiwe. Chama cha wasimamizi wa mashindano ya poka, kilichoanzishwa 2001, kinaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: mchezaji ana wajibu wa kuwalinda pia wenzake walio mezani. Sentensi hiyo ndiyo iliyonishtaki.

Usiku mmoja, dada yule akigawa, kushoto kwangu aliketi mzee mmoja mwenye kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake. Kila alipopewa karata alizinyanyua, akanyoosha mkono na kurudisha kichwa nyuma, kama mtu asomaye ujumbe wa simu bila miwani. Nikaiona ree ya shupaza. Sikuitafuta. Mkononi nilikuwa na wafalme wawili, karata ambazo mtu huzisubiri usiku kucha. Zikafunuliwa tatu za kwanza: saba, mbili, na ree ya uru. Mzee akaweka dau, tena zito.

Nikatupa wafalme wangu.

Hapo ndipo fundo lilipo, na sijalifungua mpaka leo. Huenda ningewatupa hata hivyo. Ree imelala mezani, mtu mzima mtulivu anaweka dau zito, hiyo peke yake inatosha kumtia hofu mwenye wafalme. Lakini sikuwa na njia ya kufikiri kama mtu ambaye hakuona. Ningelipia ili nijionyeshe mwaminifu, huo nao ungekuwa uamuzi uliozaliwa na jicho. Ukishajua, huwezi kujirudisha kwenye kutojua. Mkono uliotupa zile karata ulikuwa wangu, aliyeutuma simjui.

Mgao ule ulipokwisha nikamwinamia mzee. “Shikamoo mzee. Samahani, karata zako zinaonekana ukiziinua.”

“Marahaba.” Akanitazama kitambo. “Zimeonekana tangu lini?”

Nikasema tangu mwanzo.

“Na umeniambia baada ya kutupa zako.”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa.

Usiku ule nilijifariji kwa kesi ya Phil Ivey, Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa poka. Mwaka 2012, katika kasino ya Crockfords jijini London, alishinda takriban pauni milioni 7.7 kwenye Punto Banco, mchezo mwingine wa karata. Hakugusa karata hata moja. Yeye na mwenzake waliujua upungufu mdogo sana wa kiwandani: mapambo ya mgongoni hayakukatwa sawa kwenye kingo mbili za karata. Wakamwomba mgawaji azigeuze baadhi, wakisingizia kwamba ni imani yao ya bahati, naye akazigeuza. Tangu hapo migongo ikawa inasema. Kasino ilikataa kulipa, Ivey akashtaki, na Oktoba 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba ule ulikuwa udanganyifu, ingawa ilikubalika kwamba yeye mwenyewe aliamini kwa dhati hakudanganya.

Nakubaliana na majaji, kwa sababu yangu mwenyewe. Macho yalikuwa ya Ivey na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini alilitwaa pazia la mgawaji, akamfanya alipasue kwa mikono yake mwenyewe, bila kujua. Mimi sikumwomba mzee wangu ainue chochote. Hiyo ndiyo faraja niliyoipata, na ni nyembamba kama karata yenyewe.

Ndiyo maana sifa zangu nazipeleka kwa wale wanaorusha chini. Watu husema ugawaji ni kazi ya mkono mwepesi, basi. Mimi naona kila karata inayofika bila kupaa imemwondolea mtu mtihani ambao huenda angeshindwa, tena asijue hata kwamba ulikuwapo. Sisi tisa tulioketi pale tulionekana waungwana, na sehemu kubwa ya uungwana wetu ilikuwa kazi ya vifundo vya yule dada.

Dada alikuwa amenisikia nikizungumza na mzee. Hakumwita msimamizi wala hakunitazama. Alichanga, akakata, na kabla ya kurusha akasema kwa sauti ya nyumbani: “Babu, miwani leo umeiacha wapi?”

Mzee akasita. Kisha akaitoa kwenye mfuko wa koti, ilikokuwa tangu jioni, akaivaa kwa shingo upande. Karata ziliposimama mbele yake aliinua pembe tu, kwa dole gumba, akiwa ameinama. Sikuona kitu.

Nusu saa baadaye zamu ya dada ikaisha. Akapiga makofi mara moja, taratibu, akavigeuza viganja vyake juu na chini mbele ya kamera ya darini, kama wafanyavyo wagawaji wengi waondokapo mezani, akaenda zake.