Chupa ya maji kama kipimamvua: hesabu iko mdomoni

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Anayeishika hesabu hiyo anaweza kupima mvua ya kwake kwa chupa tupu ya lita moja na nusu, na namba yake ikaaminika.

Chupa hukatwa mabega yanapoishia. Kipande cha juu, kikiwa hakina kizibo, hugeuzwa kichwa chini na kupachikwa ndani ya kile cha chini. Faneli hiyo hupunguza maji yanayokaushwa na jua. Baada ya hapo wengi hubandika rula ubavuni, na hapo ndipo kipimo kinapoharibika. Kitako cha chupa kina mabonde na ubavu una mikunjo, kwa hiyo sentimita ya kwanza haibebi maji sawa na ya tano. Kokoto zikifunikwa kwa maji mpaka alama ya sifuri hurekebisha kitako, lakini mikunjo inabaki palepale.

Mimi natetea bomba la sindano linalouzwa duka la dawa. Pima kipenyo cha mdomo ulioukata. Kikiwa sentimita 9, eneo lake ni takriban sentimita za mraba 63.6, na kila milimita ya mvua itaingiza mililita 6.4 hivi. Asubuhi vuta maji yote kwa bomba, jumlisha mililita, kisha gawanya kwa 6.36. Mililita 159 ni milimita 25. Umbo la chupa halina neno tena, kwa sababu mvua inahesabiwa kwa mdomo ulioipokea. Ndiyo maana ndoo pana na chupa nyembamba zikikaa pamoja hutoa jibu moja, kila moja ikigawanywa kwa eneo la mdomo wake.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni la mahali. Mwaka 1769 daktari William Heberden wa London alichapisha vipimo vya mwaka mzima kutoka vyombo vitatu: bustanini kiliingia inchi 22.6 za mvua, juu ya paa la nyumba 18.1, na juu ya paa la Westminster Abbey 12.1. Mvua ilikuwa ileile. Mwaka 1861 William Stanley Jevons alionyesha kuwa chanzo ni upepo: unapogonga chombo hupanda na kupita juu yake kwa kasi, ukiyabeba matone yaliyokuwa yaingie. Kwa hiyo kuweka chupa juu ya bati au ukuta ni kujipunja. Iweke uwanjani, mdomo ukiwa sawasawa na kama sentimita 30 juu ya ardhi yenye nyasi, maana saruji hurusha matone ndani. Mti au nyumba iwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake.

Soma kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile inayotumiwa na vituo vya hali ya hewa vya Tanzania na Kenya, ili namba zako zilingane na zao. Zikipishana, usikimbilie kuilaumu chupa. Mvua za ngurumo hunyesha mtaa mmoja zikauruka wa pili.

Na faida ya namba hiyo ni ya papo hapo. Bati linalofunika mita za mraba 40, likinyeshewa milimita 25, limepokea lita 1,000. Tangi likionyesha lita 600, kakague mifereji.