Juu ya Istilahi "Mgawanyo wa Kumbukumbu"

Istilahi ya elimu hupimwa kwa mambo mawili: je, ni Kiswahili safi, na je, inasema kweli juu ya kitu chenyewe? Wengi wetu hulishughulikia la kwanza na kuliacha la pili. "Mgawanyo wa kumbukumbu" ni Kiswahili safi; lakini kwa prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978, iliyo mzizi wa ukoo unaotumika hata leo katika kompyuta nyingi, jina hilo lapotosha.

Kugawa ni kutenga: fungu langu si lako. Katika 8086 mambo si hivyo. Rejista yake ya biti 16 yaweza kuhesabu baiti 65,536 tu, na kumbukumbu ni baiti 1,048,576. Kwa hiyo anwani hutajwa kwa namba mbili: ya kwanza huzidishwa kwa 16, ya pili hujumlishwa. Mafungu huanza kila baada ya baiti 16, nayo hupandana, hata baiti moja yaweza kutajwa kwa njia 4,096. Ndivyo aelekezwavyo mgeni Nkende: nyumba ni ile ile, ahesabu hatua tangu barabara ya Tarime au tangu kwa jirani. Hapa lafaa jina "mwanzo na umbali".

Katika 80286 ya 1982, rejista hizo, chini ya hali ya ulinzi, hazikutaja mwanzo tena, bali nafasi katika jedwali la mafungu yenye mipaka na ruhusa. Hapo "fungu" lastahili. Mwaka 2003 AMD ilitoa prosesa za biti 64, na katika hali hiyo mpya mwanzo wa mafungu mengi huhesabiwa kuwa sifuri: jina limebaki, kazi imeondoka. Hata hivyo prosesa za ukoo huu zikiwashwa huanza kwa desturi ya 1978. Intel ilipendekeza mwaka 2023 kuiondoa, ikaliacha shauri hilo mwaka 2024.

Hali hii huitwa "upatanifu", neno la sifa tupu. Afadhali "kubeba urithi", maana mbebaji huonekana na mzigo wake.

Msomaji wa Nkende, ambaye lugha yake ya kwanza mara nyingi ni Kikuria na vitabu vyake vya sayansi ni vya Kiingereza, hutafuta maana ya istilahi ndani ya neno lenyewe. Tukimpa "mgawanyo" atajenga mipaka isiyokuwapo, na kosa litakuwa letu.