Injini Inayogonga na Vali ya EGR: Namna ya Kuutambua Uchunguzi Bora

Uchunguzi bora wa injini ya petroli inayogonga huanza kwa kutenganisha sauti mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ni kishindo kizito kinachotoka chini, kwenye beringi za krenki. Hicho hufuata mzunguko wa injini hata gari likiwa limesimama, na ndicho ambacho mafundi hukiita kunoki. Ya pili ni mlio mwembamba wa chuma, kama kokoto zikitikiswa ndani ya kopo, unaojitokeza gari likipanda kilima au pedeli ya mafuta ikikanyagwa. Mlio huu hutokea pale ambapo sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli hujilipukia yenyewe, baada ya plagi kuwasha na kabla moto haujaifikia. Asiyezitofautisha sauti hizi anaweza kushusha injini nzima kwa tatizo la vali moja.

Vali ya EGR hurudisha sehemu ndogo ya moshi wa ekzosi kwenye njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Magari ya Marekani yalianza kufungwa vali hizi mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kupunguza oksidi za nitrojeni, gesi chafu zinazozalishwa kwa wingi pale joto ndani ya silinda linapozidi takriban nyuzi 1,370 za Selsiasi. Moshi uliorudishwa hauungui tena. Hupunguza joto na kuufanya moto usambae polepole, na kwa sababu hiyo watengenezaji hupanga plagi iwake mapema zaidi gari likiwa katika mwendo wa kawaida. Vali ikigoma kufunguka, au njia yake ikizibwa na kaboni, plagi huendelea kuwaka mapema ilhali moshi wa kuutuliza moto haupo. Hapo ndipo mlio huzaliwa.

Kutokana na utendaji huo, swali la kwanza la fundi mzuri ni lini mlio unasikika. Kwa kawaida vali hii hufungwa injini ikiwa baridi, ikiwa silensa (yaani ikizunguka bila kukanyagiwa mafuta), na pedeli ya mafuta inapokanyagwa hadi mwisho. Hivyo mlio unaosababishwa nayo hutarajiwa injini ikishapata moto, pedeli ikiwa imekanyagwa kiasi. Mlio unaosikika tu pedeli ikiwa imezama kabisa huelekeza kwingine: petroli yenye oktani ndogo, taimingi (wakati wa plagi kuwaka) iliyokosewa, kaboni juu ya pistoni, plagi za moto zisizofaa, au mchanganyiko wenye petroli kidogo. Injini inayochemka nayo hugonga, kwa hiyo maji ya rejeta na themostati hukaguliwa kabla ya vali kuguswa. Vali iliyokwama ikiwa wazi huwa na dalili tofauti: injini hutetemeka au huzima ikiwa silensa.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari husaidia, lakini haimalizi kazi. Msimbo P0401 unasema kwamba moshi unaopita ni mdogo kuliko inavyotakiwa. Hausemi kwamba vali imekufa. Njia iliyoziba, mpira wa hewa uliopasuka, solenoidi isiyofungua au sensa inayodanganya vyote vinaweza kuleta msimbo huohuo. Anayesoma msimbo na papo hapo kuagiza vali mpya amebahatisha kwa pesa ya mteja.

Kipimo chenye uzito ni kile kinachothibitisha kwamba moshi unapita. Kwa vali ya kiwambo, inayofunguliwa kwa mvuto wa hewa, injini huachwa silensa ikiwa na moto, kisha pampu ya mkono ya kuvuta hewa huunganishwa kwenye vali na kuvuta inchi 10 hadi 15 za zebaki. Injini ikitetemeka au kuzima, vali na njia yake ni nzima, na kasoro hutafutwa kwenye mipira, solenoidi au swichi ya joto. Mvuto ukishindwa kushika, kiwambo kinashukiwa kutoboka, ingawa vali zinazotegemea shinikizo la ekzosi hazishiki mvuto injini ikiwa silensa hata zikiwa nzima. Mvuto ukishika bila injini kubadilika, vali imekwama au njia imeziba. Kwa vali ya umeme, mashine huamuru vali ifunguke, na mwitikio wa injini hutazamwa vivyo hivyo.

Ubora wa matengenezo huonekana katika usafi wa njia nzima. Vali ikisuguliwa huku tundu la manifoldi likiachwa na masizi, gari litarudi gereji. Katika baadhi ya injini za Honda Accord za miaka ya 1990, kila silinda hupata moshi kupitia tundu lake. Baadhi ya matundu yakiziba, silinda zake hugonga na nyingine hupata moshi kupita kiasi. Kaboni hukwanguliwa na kuondolewa isiangukie ndani ya injini, dawa ya kusafishia haimwagwi kwenye kiwambo wala sehemu za umeme, na gasketi mpya hufungwa.

Zipo njia tatu za mkato zinazonyamazisha dalili na kuacha ugonjwa. Kurudisha taimingi nyuma huondoa mlio, lakini nguvu hupungua na ulaji wa mafuta huongezeka. Petroli ya oktani kubwa huficha kasoro hadi tangi linapojazwa ya kawaida. Kuziba vali kwa bati huondoa moshi uleule ambao taimingi ya injini ya petroli iliutegemea.

Kazi huhakikiwa barabarani, kwenye kilima kilekile, kwa mzigo uleule na petroli ileile, injini ikiwa na moto. Mlio wa muda mrefu hutoboa pistoni na kuunguza gasketi ya silinda hedi. Kwa hiyo mwenye gari na adai kuonyeshwa kipimo kabla ya kulipia kifaa: fundi aliyepima kweli ataweza kukirudia mbele yake.