Shingo ya Kiungo

Nyuma ya mashine za kusaga mahindi pale Kisenyi, Kampala, kuna uwanja ambao ni uwanja kwa jina tu. Upande mmoja ukuta, upande wa pili malori yanayosubiri kushusha magunia. Unga hupeperuka ukatua kwenye nywele za watoto, na kila jioni hutoka mazoezini wakiwa na mvi. Hapo nilimkuta mzee mmoja, kiungo wa zamani, akifundisha kwa Kiswahili, maana Mganda, Msomali na Mkongomani wa mtaa huu hawana lugha nyingine ya kugombana kwa usawa. Saa nzima hakusema neno juu ya mguu. Kila mpira ulipokuwa njiani kumfikia kijana, alisema jambo moja tu: "Shingo! Shingo kwanza."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Somo hilo nilikuwa nimelipata utotoni.

Kiswahili kilimpa mchezaji huyu jina linalomfaa. Kiungo ni goti na kiwiko; kiungo ni bizari na iliki; kiungo ni yule anayesimama katikati ya uwanja. Goti hulikumbuki mpaka liume. Iliki huikumbuki mpaka uletewe pilau isiyo nayo. Na kiungo wa mpira, siku anayocheza vizuri, watu hurudi nyumbani wakimsifu mfungaji.

Mjomba wangu hakuwa mtu wa kumsifu mfungaji. Alikuwa shabiki wa KCC, klabu iliyoanzishwa mwaka 1963 na Samuel Wamala wa idara ya majitaka ya jiji, na aliwatambia watu wa klabu pinzani, Villa na Express, kwamba timu yake ilizaliwa mferejini. Miaka ya 1980 ikielekea ukingoni, alinishika mkono tukateremka uwanja wa Nakivubo, hatua chache kutoka Kisenyi, akaniwekea sharti: nisiutazame mpira. "Mtazame Mayanja," alisema. "Mtazame wakati hana kitu."

Ni adhabu kubwa kwa mtoto kwenda uwanjani asitazame mpira. Lakini nilitii, nami nikaona. Jackson Mayanja, kiungo wa KCC, alikuwa akigeuza shingo kama kuku mwenye vifaranga aliyeona kivuli cha mwewe: kushoto, kulia, nyuma ya bega, tena kushoto. Mpira ulipomfikia, alikuwa ameshamaliza kufikiri. Mguu ulitekeleza tu. Beki aliyemkimbilia alikuta mahali alipokuwa. Mjomba hakushangilia, alitikisa kichwa taratibu, kama fundi seremala anayepitisha kidole kwenye maungo ya kiti na kukuta hakuna pengo.

Baadaye Mayanja alivuka mipaka akacheza soka ya kulipwa Misri na Tunisia. Jina lake la utani, Mia Mia, ni la Kiarabu cha mitaani kule Misri: kitu kilicho sawasawa, kisicho na dosari. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Mia kwa mia.

Alipotundika daluga akawa kocha, na hapa pia lugha yetu imesema kweli: mahali anapoketi kocha tunapaita benchi la ufundi. Tanzania ilimjua Kagera Sugar, ikamjua Coastal Union, kisha Januari 2016 klabu ya Simba wakamkabidhi timu baada ya Mwingereza Dylan Kerr kuondoshwa. Alipokuja Joseph Omog kutoka Kameruni, Mayanja alibaki kama msaidizi. Wengi huona hiyo ni kushushwa. Mimi naona alirudi kwenye namba yake. Msaidizi ni kiungo: yuko kati ya mkuu na wachezaji, na bila yeye mawazo ya mmoja hayafiki miguuni mwa wengine. Mei 2017, Dodoma, Simba waliwafunga Mbao FC 2-1 wakatwaa Kombe la Shirikisho la Tanzania. Kufikia Oktoba Mayanja alikuwa ameondoka. Ndivyo ilivyo kazi hii. Kibarua chake huota nyasi kabla ya uwanja.

Kiungo mwingine aliyegeuka kocha, Mfaransa Didier Deschamps, alitwaa Kombe la Dunia kama nahodha mwaka 1998 na kama kocha mwaka 2018. Nadhani si ajabu. Aliyezoea kuuona uwanja kabla ya mpira kufika ana la kuwafundisha wenzake.

Lakini nani atazoea hivyo leo? Simu zetu zinatuonyesha bao kwa sekunde kumi. Shingo iliyolizaa bao imekatwa. Mzazi anataka mwanawe awe mshambuliaji, kwa kuwa ndiye anayenunuliwa ghali. Mechi tatu zikiharibika, tunataka kocha afukuzwe. Nakivubo ya mjomba ilivunjwa mwaka 2017, na mpya ikafunguliwa mwaka 2024, ina nyasi bandia na maduka pande zote. Siukatai uzuri wake. Nauliza tu viko wapi vile viwanja vya vumbi vilivyokuwa vikiilisha. Kisenyi kwa Kiganda ni bonde la majimaji. Tulilijaza zege, na kila masika maji huja kudai njia yake. Watoto hawana nguvu ya maji. Wakizibiwa, wanatawanyika.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule mzee. Magunia yalikuwa yameingia uwanjani hatua nne, naye amewapunguza vijana kutoka kumi hadi sita kila upande. Hakulalamika. Alisema tu kwamba uwanja ukizidi kubanwa, mtoto hutazama miguu yake asigongane na mwenzake, na shingo hufa.

Enyi wenye viwanja na malori pale Kisenyi, tunawaomba: warudishieni watoto zile hatua nne.